Kuweka Maven kwenye Linux: maswali ambayo watu wa Lubumbashi huuliza kila mara

Majibu haya ni ya mwenye kompyuta ya Ubuntu au Debian 12, anayenunua mega kwa hesabu, na ambaye umeme wake unaweza kukatika saa yoyote. Mwenye intaneti isiyokatika na jenereta nyumbani ataona mengine ni ya ziada, ayaruke tu.

Maven ni ya nini? Kweli naihitaji?

Kama programu yako ya Java ina faili moja au mbili, huihitaji. `javac` inatosha. Haja huanza pale programu inapotegemea maktaba za watu wengine: ya kuzungumza na hifadhidata, ya kusoma JSON (namna ya kuandika data kwa maandishi), ya kuendesha majaribio. Kila maktaba inadai nyingine nyuma yake, na kila moja ina toleo lake. Kuzitafuta kwa mkono ni kazi ya kukonda.

Maven husoma faili moja, `pom.xml`, ikajua unataka nini. Inapakua maktaba hizo kutoka hazina ya Maven Central, inakompaili kodi yako (kuigeuza iwe programu inayoendeshwa), inaendesha majaribio, kisha inakufungashia faili ya `.jar`. Ni mradi wa Apache Software Foundation: toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2004, la 2.0 mwaka 2005, la 3.0 mwaka 2010, na ukoo huo wa 3 ndio unaotumika mpaka leo kwenye kompyuta nyingi.

Kwa nini si Gradle?

Gradle, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, ni nzuri, na ukitengeneza programu za Android utakutana nayo tu. Lakini huacha mchakato wake ukikaa kwenye kumbukumbu hata baada ya kazi kwisha, ili mara inayofuata iende haraka. Kwenye kompyuta ya RAM ya giga 2 utauhisi uzito huo. Maven inafanya kazi yake na kuondoka.

Nianze na nini, Java au Maven?

Java. Na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Java huja kwa namna mbili. JRE inaendesha programu zilizokwisha kukompailiwa. JDK ina `javac`, yaani inaweza kukompaili. Ukiandika moja kwa moja `sudo apt install maven` kwenye kompyuta isiyo na Java, mfumo utakuletea JRE tu, kwa sababu hiyo inatosha kuiwasha Maven yenyewe. `mvn -v` itajibu vizuri, utafurahi, kisha kazi ya kwanza itaanguka na ujumbe huu:

`No compiler is provided in this environment. Perhaps you are running on a JRE rather than a JDK?`

Basi fuata mpangilio huu:

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install openjdk-17-jdk-headless`
`sudo apt-get install maven`

Neno `headless` linakuondolea maktaba za madirisha na picha, ambazo mtu wa kuandika programu za seva hazihitaji. Hata hivyo Java peke yake inapita mega 100. Kabla ya kupakua chochote `apt-get` hukuonyesha ukubwa na kusubiri jibu lako, kwa hiyo soma mstari huo kabla ya kubonyeza. Kama mfumo wako uko kwa Kifaransa, na kwetu karibu zote ziko hivyo, utaona «Il est nécessaire de prendre…» na mwishoni `[O/n]`. Hiyo ni herufi O ya «oui», si sifuri.

apt inanipa Maven ya zamani. Nifuate mpya?

Ubuntu 22.04 inatoa 3.6.3, Ubuntu 24.04 na Debian 12 zinatoa 3.8.7. Kwa mwanafunzi anayejifunza, au kwa kazi ya mwisho wa mwaka pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), hizo zinatosha kabisa. Sioni sababu ya kufukuzia toleo jipya kwa ajili ya jina tu. Fuata mpya pale mradi wako wenyewe unapoidai, kwa mfano plagini (kipande kinachoiongezea Maven kazi) inapokuambia inataka 3.9.

Nimekubali, nataka 3.9. Nifanyeje?

Faili yenyewe ni ndogo, karibu mega 9. Matoleo yote ya zamani na ya sasa yako kwenye hifadhi ya Apache:

`wget -c https://archive.apache.org/dist/maven/maven-3/3.9.9/binaries/apache-maven-3.9.9-bin.tar.gz`

Usiiache hiyo `-c`. Koneksio ikikatika katikati, rudia amri ileile na itaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Kisha pakua faili yenye jina lilelile na `.sha512` mwishoni, endesha `sha512sum apache-maven-3.9.9-bin.tar.gz`, na uone kama mistari miwili ya herufi inalingana. Kama umepewa faili hiyo kwa fleshi na rafiki, hatua hii ni ya lazima zaidi.

Halafu:

`sudo tar xzf apache-maven-3.9.9-bin.tar.gz -C /opt`
`sudo ln -s /opt/apache-maven-3.9.9 /opt/maven`
`echo 'export PATH=/opt/maven/bin:$PATH' | sudo tee /etc/profile.d/maven.sh`

Toka kwenye akaunti yako na uingie tena, kisha andika `mvn -v`. Ukipata bado 3.6.3, maana yake ile ya apt inatangulia. `which mvn` itakuonyesha ni ipi inaitwa. Kile kiungo cha `/opt/maven` kina faida yake: siku ukibadilisha toleo, unageuza kiungo tu, huhariri kitu kingine.

Kwenye klavye yangu ya AZERTY sioni alama ya `~` wala `|`.

Zipo, zimefichwa nyuma ya AltGr. Kwenye AZERTY ya Kifaransa, `|` ni AltGr na 6, `\` ni AltGr na 8, na `~` ni AltGr na 2, kisha mara nyingi unabonyeza nafasi ndipo itokee. Klavye za Kibelgiji zinazoingia na kompyuta za mitumba kutoka Ulaya zimepangwa tofauti kidogo: kama herufi zinakuja sawa lakini alama zinachanganyikiwa, jaribu `setxkbmap be` badala ya `setxkbmap fr`. Na badala ya `~` unaweza kuandika `$HOME` popote kwenye ukurasa huu.

`JAVA_HOME environment variable is not defined correctly`. Nimeiweka lakini inakataa.

Mara nyingi watu huielekeza kwenye `/usr/bin/java`. Maven haitaki programu ya java. Inataka folda ambamo Java nzima inakaa. Ipate hivi:

`readlink -f $(which javac)`

Ukipewa `/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64/bin/javac`, kata `/bin/javac`, kinachobaki ndicho JAVA_HOME. Iongeze kwenye `~/.bashrc`. Kama una Java mbili na hujui ni ipi inayotumika, `sudo update-alternatives --config java` inakupa orodha ya kuchagua. Kusema kweli, mwenye Java moja tu mara nyingi hahitaji JAVA_HOME kabisa. Ukiwa umeiandika vibaya, kuifuta kunatatua zaidi kuliko kuirekebisha.

Mara ya kwanza `mvn package` imekula mega zangu zote! Ni virusi?

Hapana, ndivyo ilivyo. Maven unayoiweka ni kichwa tu. Hata kazi za msingi kama kukompaili na kufungasha zinafanywa na plagini, na plagini hizo hazikuja ndani ya zile mega 9. Zinapakuliwa siku ya kwanza unapoziita, pamoja na kila kinachozitegemea. Mradi mdogo unaweza kuvuta makumi ya mega, na mradi wa Spring Boot huzidi hapo.

Habari njema ni kwamba kila kitu kinahifadhiwa kwenye `~/.m2/repository`, na hakipakuliwi tena. Kwa hiyo folda hiyo ni mali. Usiifute ukisafisha diski, na ukibadilisha kompyuta, hiyo ndiyo ya kwanza kuhamisha. Nimewaona watu wakifuta `.m2` kwa sababu kuna mtu mtandaoni amesema «futa, anza upya». Huyo mtu halipi mega zako.

Mambo mengine mawili yanayokula mega kimyakimya. La kwanza ni `mvn archetype:generate`, ambayo wakufunzi wengi huanza nayo: inavuta plagini zake na orodha kubwa ya violezo kabla hujaandika mstari mmoja. Andika `pom.xml` kwa mkono, ni mistari michache. La pili ni miradi yenye faili `mvnw`. Ukiendesha `./mvnw` inapakua Maven yake yenyewe na kuiweka `~/.m2/wrapper`, hata kama wewe tayari unayo. Ikiwa toleo lako linakaribiana na lile linalotakiwa, andika `mvn` badala yake.

Tuko watano kampasi ya Kasapa kwenye mradi mmoja. Kila mmoja apakue?

Hapana kabisa! Mmoja apakue, wengine wanakili. Mwenye koneksio nzuri aendeshe mradi mpaka mwisho, majaribio yakiwemo:

`mvn verify`

Kuna amri ya `mvn dependency:go-offline` ambayo inaahidi kupakua yote bila kukompaili. Mimi siiamini peke yake: baadhi ya vitu, hasa vya kuendesha majaribio, Maven huvitambua tu wakati wa kazi yenyewe, na amri hiyo huviacha. Kuendesha mradi kweli mara moja ndiyo njia ya uhakika.

Kisha aifunge folda:

`tar cf m2.tar -C ~/.m2 repository`

Usijisumbue kuibana kwa gzip. Faili za `.jar` zimeshabanwa tayari. Lakini usinakili folda yenyewe bila kuifunga, maana ina maelfu ya faili ndogondogo na fleshi itachukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Kumbuka pia kwamba fleshi ya FAT32 haipokei faili moja inayozidi giga 4.

Kwa anayepokea:

`mkdir -p ~/.m2`
`tar xf m2.tar -C ~/.m2`
`mvn -o verify`

Hiyo `-o` inaiambia Maven isiguse intaneti. Ikilalamika kwamba kitu hakipo ilhali unakiona kwa macho kwenye folda, sababu ni faili ndogo zinazoandika kila maktaba ilitoka hazina gani. Majina ya hazina yakitofautiana kati ya kompyuta mbili, Maven inakikataa. Zifute:

`find ~/.m2/repository -name _remote.repositories -delete`

Na Java yenyewe, tunaweza kunakiliana?

Ndiyo, ikiwa kompyuta zote zina toleo lilelile la mfumo na aina ileile ya prosesa. Mmoja anaandika `sudo apt-get install --download-only openjdk-17-jdk-headless maven`, kisha ananakili faili za `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives`. Wengine wanaziweka folda moja na kuandika `sudo apt-get install ./*.deb`. Tumia `apt-get`, si `apt`: amri ya `apt` huzifuta faili hizo baada ya kusakinisha, na unaweza kuja kuzitafuta ukute folda tupu. Apakue mtu ambaye bado hana Java, la sivyo apt itaona vipo tayari na haitapakua kitu.

Umeme umekatika katikati. Sasa hakuna kinachofanya kazi.

Delestaji, yaani kukatwa umeme, ina majeraha matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Likikupata wakati wa `apt-get`, mfumo wa vifurushi unabaki nusu njiani. Andika `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt-get -f install`. Kwa kawaida inatosha. Kama inasema kuna kufuli (kwa Kifaransa «verrou»), ngoja dakika chache kwanza: kompyuta ikiwaka mara nyingi huanza kutafuta masasisho yenyewe. Usikimbilie kufuta faili za kufuli.

Likikupata wakati Maven inapakua, unaweza kuwa na `.jar` iliyoharibika. Dalili ni `invalid LOC header` au `error in opening zip file`, na ujumbe hutaja jina la faili. Futa folda ya maktaba hiyo moja ndani ya `~/.m2/repository`, uendeshe tena.

La tatu linawachanganya watu zaidi. Intaneti imerudi, kila kitu kiko sawa, lakini Maven inakataa hata kujaribu:

`This failure was cached in the local repository and resolution is not reattempted until the update interval of central has elapsed`

Imekumbuka kwamba ilishindwa, na kwa kawaida inasubiri siku nzima kabla ya kujaribu tena. Ilazimishe kwa `mvn -U package`. Kumbukumbu hizo za kushindwa ni faili zinazoishia na `.lastUpdated`, unaweza pia kuzifuta zote kwa `find`, kama tulivyofanya juu.

Yaya, Maven yangu inasema cheti cha usalama cha tovuti si halali, lakini tovuti hiyo inafunguka kwenye simu!

Mdogo wangu, angalia saa ya kompyuta kwanza. Kompyuta za mitumba nyingi zina betri ndogo ya ubao mama iliyokufa. Umeme ukikatika na chaji ikaisha, saa inarudi nyuma miaka, na cheti cha leo kinaonekana kama hakijaanza kutumika. apt nayo itasema faili ya hazina «haijawa halali bado». Andika `timedatectl` uone. Kisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Ndiyo, mji wetu una jina lake kwenye orodha ya majira ya dunia, na wa Goma na Bukavu wanatumia hilohilo. Kama huna intaneti, weka saa kwa `sudo date -s "2025-11-03 14:20"`, ukiweka tarehe na saa yako ya kweli. Betri yenyewe ni ile bapa ya CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani. Kwenye za mkononi huwa na waya.

Kama saa iko sawa na bado unaona `PKIX path building failed`, huenda uko nyuma ya proksi (kompyuta ya kati inayopitisha intaneti) ya kazini au ya shule inayofungua mawasiliano ya HTTPS. Muulize msimamizi wa mtandao cheti chake. Usizime ukaguzi wa vyeti. Anwani ya proksi huandikwa kwenye `~/.m2/settings.xml`, ndani ya `<proxies>`, kwa sababu Maven haifuati mipangilio ya kivinjari chako.

`501 HTTPS Required` ni nini?

Una `pom.xml` ya zamani au Maven ya zamani sana. Maven Central iliacha kupokea `http://` tarehe 15 Januari 2020. Badilisha anwani iwe `https://`. Tangu 3.8.1, Maven yenyewe pia huzuia hazina za http.

`Source option 5 is no longer supported`

Hukuiambia Maven kodi yako ni ya Java gani, nayo imekisia ya zamani kupita kiasi. Ongeza kwenye `pom.xml`, ndani ya `<properties>`:

`<maven.compiler.source>17</maven.compiler.source>`
`<maven.compiler.target>17</maven.compiler.target>`
`<project.build.sourceEncoding>UTF-8</project.build.sourceEncoding>`

Mstari wa tatu hauhusu kosa hili, lakini uweke. Bila huo, é na ç za majina ya Kifaransa zinaweza kuharibika kwenye kompyuta nyingine.

Niendeshe kwa `sudo` ili isikatae?

La. `sudo` ni ya kusakinisha tu. Ukiandika `sudo mvn package`, Maven inaona wewe ni root (msimamizi mkuu wa mfumo), inaacha `~/.m2` yako na kwenda kujenga nyingine `/root/.m2`, yaani inapakua kila kitu upya. Juu ya hayo, folda ya `target` inakuwa mali ya root, na kesho `mvn clean` ya kawaida inashindwa kuifuta. Kama umeshafanya hivyo: `sudo chown -R $USER target`.

Kompyuta yangu ni ya biti 32.

Ubuntu iliacha kutoa diski za kusakinisha za biti 32 zamani. Debian 12 bado inazo, na Java 17 ipo humo; Debian 13 haina tena. Weka Debian 12 bila mazingira mazito ya madirisha, na uiwekee Maven kikomo: `export MAVEN_OPTS="-Xmx512m"`.

Maven 4 je?

Inataka Java 17 au zaidi ili iwake. Kwa sasa baki na 3.

Nikitaka kuiondoa?

Ya apt: `sudo apt-get remove maven`. Ya mkono: futa folda yake kwenye `/opt`, kile kiungo, na `/etc/profile.d/maven.sh`. Folda ya `~/.m2` inabaki palepale katika njia zote mbili, na kabla ya kuifuta, uliza kwanza kama kuna mwenzako anayeihitaji.